Barua ya wazi kwa wakuu wa uvuvi na utafiti Haut-Katanga: kambale wahesabiwe kromosomu kabla ya kugawa alevini

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia uvuvi, ufugaji wa samaki na utafiti katika Jimbo la Haut-Katanga, na kwa wakuu wa vitivo vya kilimo, sayansi na tiba ya mifugo hapa Lubumbashi.

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima, na ombi tunalitanguliza msije mkalitafuta mwishoni: kambale yeyote atakayefanywa mzazi wa alevini (vifaranga vya samaki) zinazogawiwa au kuuzwa kwa idhini yenu, yeye au uzao wake upimwe kwanza kromosomu, yaani vijiti vidogo ndani ya seli vinavyobeba urithi. Clarias gariepinus, kambale tunayemla na bukari (ugali), ana kromosomu 56 katika seli za mwili wake. Heterobranchus longifilis, ndugu yake mkubwa wa umbo, ana 52. Wakizalishwa pamoja, mtoto anachukua 28 kwa mmoja na 26 kwa mwingine, jumla 54. Mwaka 1992 chotara hao walichapishwa kwa hesabu hiyo na kundi la watafiti akiwemo Guy Teugels, Mbelgiji aliyewapanga upya kambale wa Afrika. Si elimu mpya, wala si ya kuagizwa kwa ndege.

(Kambale tunayemtaja ni samaki. Ndugu zetu wa Butembo wanaompa jina hilo mtoto wa pili wa kiume watuwie radhi.)

Kwa nini tusiangalie kwa macho? Kwa sababu macho yanatosha kwa samaki mkubwa wa ukoo safi tu. Clarias gariepinus ana pezi moja refu la mgongo linalofika karibu na mkia. Pezi la Heterobranchus linakomea njiani, na nyuma yake linafuata pezi jingine nene, laini, la mafuta. Chotara wa kwanza yuko katikati: pezi la mafuta analo, ila dogo. Hadi hapo hata mchuuzi wa soko la Kenya hapa Lubumbashi anaweza kuwatenganisha. Lakini chotara akirudishwa kwa Clarias, yaani akizalishwa naye tena, pezi hilo kwa watoto linaweza kupungua hadi likawa mkunjo mdogo wa ngozi, na kwa alevini wa gramu moja hakuna la kuona kabisa. Tena katika mto Luapula yupo Clarias ngamensis, ambaye kwa asili yake ana kipezi cha mafuta. Afisa akipewa amri ya kukataa kila Clarias mwenye pezi la nyuma, atamkataa mwenyeji halali wa mto na kumpitisha chotara wa mzunguko wa pili. Majina ya kwenye karatasi nayo hayasaidii: vitabu vya zamani kwenye rafu zetu bado vinaandika Clarias lazera au Clarias mossambicus, na wote wawili leo ni gariepinus yule yule.

Mtu atauliza: Heterobranchus na Clarias wote ni wa bonde la Kongo, kuna ubaya gani wakichanganyika? Ubaya kwa mfugaji unaanza na kutolingana. 28 za upande mmoja na 26 za upande wa pili haziwezi kupangana moja kwa moja pasipo mabaki pale chotara anapotengeneza mayai au mbegu. Watoto wanaotoka hawalingani, na kambale wasiolingana kwenye bwawa moja wanakulana. Mwenye bwawa analipa chakula, anapanga kwa ukubwa kila wiki, na mwisho anavuna samaki wachache wanene waliowameza wenzao. Chotara wa kwanza anaweza kukua vizuri sana, hilo hatulipingi. Tunachopinga ni kumuuza bila kumtaja, kwa kuwa mnunuzi asiyejua atamfanya mzazi msimu ujao. Wala mtu asidhani kwamba chotara ni tasa kwa vile tu ni chotara. Tasa anapimwa, hadhaniwi.

Ubaya wa pili uko mtoni. Mabwawa mengi ya Lubumbashi yako kando ya vijito vinavyomwaga mto Kafubu. Mvua kubwa ya Januari ikivunja tuta, samaki wanaingia Kafubu, Kafubu inaingia Luapula, Luapula inaingia ziwa Mweru, Mweru inatoka kwa Luvua hadi Lualaba pale Ankoro. Upande wa mto Lufira ni vivyo hivyo: kinachotoroka juu kinaweza kushuka hadi maziwa ya Upemba. Thailand waliyaona haya kabla yetu. Walimzalisha gariepinus wa Afrika na Clarias macrocephalus wao mwenye kromosomu 54, chotara wa 55 akapendwa na wafugaji nchi nzima, na baadaye vinasaba vya gariepinus vikakutwa ndani ya macrocephalus wa mtoni. Huko hakuna wa kuvitoa tena.

Sasa kazi yenyewe, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu maombi ya namna hii hurudishwa kwa jibu kwamba labo hatuna. Labo ipo. Hadubini yenye lenzi ya 100 ya kutumia mafuta, vioo, rangi ya Giemsa: hivyo ndivyo vyombo vya kupimia malaria, na kila kituo cha afya kinachojiheshimu kinavyo. Tofauti ni ndogo lakini isidharauliwe. Wapimaji wa malaria wanachanganya Giemsa kwa bafa (maji yenye chumvi za kushikilia kiwango cha asidi) ya pH 7.2, kwa kromosomu tunataka 6.8. Anayechanganya kwa maji ya bomba anapata vumbi la bluu juu ya kioo, na punje za vumbi hilo zinafanana na kromosomu ndogo kiasi cha kumdanganya hata mzoefu.

Samaki lazima aje hai. Kambale wa sokoni aliyekufa asubuhi hafai, maana tunatafuta seli zilizokamatwa zikiwa katikati ya kugawanyika. Bahati nzuri huyu ni samaki anayepumua hewa: gunia lililoloweshwa au bidoni lenye maji ya robo linamfikisha kutoka Kasenga, kando ya Luapula, bila taabu. Chagueni wa gramu 50 hadi 100, wachanga, kwa kuwa seli zao zinagawanyika kwa wingi. Akifika akae siku mbili kwenye maji ya nyuzi 26 hadi 28. Sharti hili linavunjwa kuliko yote. Juni na Julai usiku wa Lubumbashi ni baridi kali, maji ya tangi yanashuka, figo, ambamo seli zetu zinatoka, inalala, na fundi anapitisha vioo kumi bila kukuta seli moja ya kuhesabu, kisha analaumu dawa.

Saa 24 kabla ya kazi, samaki anachomwa tumboni maji ya hamira ya mkate: gramu 3 za hamira na gramu 2 za sukari katika mililita 25 za maji ya uvuguvugu, yakae dakika 20 mpaka yatoe povu, halafu mililita 1 kwa kila gramu 100 za uzito. Mwili unadhani umevamiwa, figo ya mbele inaanza kutengeneza seli kwa haraka. Kesho yake anachomwa kolkisini ya asilimia 0.025, kipimo kile kile cha mililita 1 kwa gramu 100, anarudishwa kwenye maji yenye hewa kwa dakika 50 hadi 60. Kolkisini inazuia nyuzi zinazovuta kromosomu, kwa hiyo seli inasimama pale pale kromosomu zinapoonekana vizuri. Ukimsahau saa tatu, kromosomu zinajikunja hadi zinakuwa vinukta. Unaweza bado kuzihesabu, lakini umbo lake hulijui tena.

Samaki analazwa usingizi kwa mafuta ya karafuu, anauawa, anapasuliwa. Figo ni ile nyama nyekundu ya giza inayobana chini ya uti wa mgongo, tunataka sehemu ya mbele karibu na kichwa. Kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi kinatosha. Kinasagwa taratibu kwa kuvutwa na kusukumwa ndani ya sirinji isiyo na sindano, katika mililita 7 za potasiamu kloraidi ya 0.075 molari, yaani gramu 5.59 kwa lita ya maji safi yaliyochujwa. Inakaa dakika 25 kwenye nyuzi 37. Kama hakuna kura (umeme) ya kuwashia mashine ya joto, termosi ya chai yenye maji yaliyopimwa kwa kipimajoto inafanya kazi hiyo bila kulalamika. Seli zinavimba, kromosomu zinaachana. Chini ya dakika 20 zinabaki zimerundikana kama kuni, zaidi ya 35 seli zinapasuka.

Kisha matone sita ya kigandishi, dakika tano, halafu mashine ya kuzungusha kwa mizunguko 1,000 kwa dakika, dakika kumi. Ile ya kuzungusha kwa mkono inatosha. Maji ya juu yanamwagwa, tunaongeza kigandishi kipya mililita 7, tunarudia mara tatu. Kigandishi ni methanoli sehemu tatu na asidi asetiki halisi sehemu moja, kinachanganywa siku hiyo hiyo na kuwekwa baridi. Cha jana kimeshaanza kubadilika na kunywa unyevu wa hewa, nacho ndicho chanzo cha ile ngozi ya kijivu inayofunika kromosomu. Mwisho matone mawili matatu yanadondoshwa kutoka kimo cha sentimita 30 hivi juu ya kioo safi kabisa. Kioo kikauke taratibu. Septemba na Oktoba hewa yetu ni kavu mno, tone linakauka kabla halijatandaa, hivyo tandikeni kitambaa chenye maji ya moto chini ya vioo. Wakati wa mvua ni kinyume: kioo kinakawia na kromosomu zinatawanyika nje ya seli yake. Giemsa ya asilimia 5, dakika kumi, maji kidogo ya kusuuza, na kazi imekwisha.

Faida kubwa ya njia hii kwa mji wetu wa umeme wa kukatika ni kwamba seli zikishagandishwa hazina haraka. Zinakaa kwenye kichupa katika jokofu kwa wiki nyingi, na mtu wa Kasenga anaweza kuandaa kwake na kutuma vichupa Lubumbashi.

Tunaingia sasa pale watu wanapokosea, na tungeomba mpasome mara mbili. Tofauti kati ya Clarias safi na chotara ni kromosomu mbili tu, na seli iliyovunjika inapoteza kromosomu mbili kirahisi sana. Fundi mwenye pupa akikuta seli moja ya 54 ataandika chotara, kumbe ni Clarias aliyedondoshwa kutoka juu mno. Makosa haya yana upande: kupoteza ni jambo la kila siku, kuongezeka ni kwa nadra, labda kromosomu ya seli jirani iingie. Kwa hiyo hesabu ya seli moja si hesabu. Tunataka seli zisizopungua 30 kwa kila samaki, zenye mpaka unaoonekana, na tunaandika zote, pamoja na za 51 na 53 zinazotia aibu. Namba inayojirudia kuliko nyingine ndiyo jibu. Clarias mzuri ataonyesha rundo kubwa kwenye 56 na mkia unaoshuka chini yake. Chotara ataonyesha rundo kwenye 54 na juu yake karibu patupu. Mkiona rundo limegawanyika, nusu 56 na nusu 54, msitoe cheti, rudieni samaki. Na katika kila kundi la vioo kiwepo kioo cha Clarias anayejulikana, kimetengenezwa siku hiyo hiyo kwa dawa hizo hizo. Kikitoka vibaya, vioo vyote vya siku hiyo vinatupwa.

Mtasema hatuwezi kuwaua wazazi ili kuwapima. Ni kweli, na hakuna haja. Dume wa kambale kwa kawaida anauawa hata hivyo, maana mbegu zake hazikamuliki kwa mkono. Figo yake inatupwa pamoja na utumbo. Iokoeni. Haitakuwa imepata kolkisini, basi ikatwekatwe ndani ya maji ya lishe ya seli kwa saa 6 kwenye nyuzi 28 au 29, na matone mawili ya kolkisini yaongezwe dakika 30 za mwisho. Jike tunampima kupitia watoto: alevini 20 wa siku moja baada ya kuanguliwa wanawekwa kwenye kolkisini ya asilimia 0.05 kwa saa 3, kifuko cha kiini kinatolewa kwa sindano, mwili unapita kwenye potasiamu kloraidi na kigandishi kama kawaida. Jike wa 56 kwa dume wa 56 atatoa watoto wa 56. Watoto wakitofautiana wenyewe kwa wenyewe kuzunguka 55, mmoja wa wazazi ni chotara na kundi zima lisiuzwe kama mbegu. Mwenye samaki wa thamani sana anaweza kukata ukingo wa pezi, kusubiri siku tatu nne uanze kuota, na kutumia nyama ile mpya.

Kuhusu alevini wanaotangazwa kuwa tasa kwa kuwa wana seti tatu za kromosomu badala ya mbili: kitu hicho kipo. Mayai ya Clarias yakitiwa kwenye maji ya nyuzi 5, dakika tatu baada ya kurutubishwa, yakakaa humo dakika 40, wengi au karibu wote wanatoka na seti tatu, kromosomu 84. Barafu ikiyeyuka kabla ya wakati, au mtu akichelewa kuanza, wanatoka 56 kama kawaida na hakuna anayejua. Hapa hesabu ni rahisi kuliko zote, 84 na 56 haziwezi kuchanganywa hata na seli iliyovunjika. Anayeuza tasa aonyeshe 84. Asiye na vioo vya kromosomu aanze na damu: viini vya chembe nyekundu za samaki wa seti tatu vinaonekana vikubwa kuliko kawaida chini ya hadubini, na tone moja linatosha.

Tuwe wakweli kuhusu mipaka yake. Hesabu haitambui ametoka mto gani. Clarias wa Luapula na Clarias aliyeletwa kutoka mbali wote ni 56. Haimtambui pia chotara aliyerudishwa kwa Clarias vizazi vingi hadi akafika 56 tena. Kwa hao mtahitaji vipimo vya vinasaba, na labo ya namna hiyo ni jambo jingine. Wala msiitumie kutenga dume na jike: kwa gariepinus taarifa zinapingana, wengine wanaona mpangilio wa kromosomu za jinsia wa ZW (jike ndiye mwenye mbili tofauti), wengine XY (dume ndiye).

Vifaa tunavyoomba mwaka wa kwanza vinaingia kwenye katoni moja. Gramu 1 ya kolkisini inatoa lita 4 za dawa, ambayo ni samaki 8,000 wa gramu 50. Itaisha muda kabla ya kuisha yenyewe, kwa hiyo msikubali kuuziwa zaidi. Methanoli lita 5 na asidi asetiki lita 2 zinatosha samaki 250 kwa kukadiria mililita 25 kila mmoja. Potasiamu kloraidi gramu 100, Giemsa nusu lita, vioo 1,000, mafuta ya lenzi, vichupa vyenye mfuniko. Kolkisini ikae kwenye chupa ya rangi ya giza, mwanga unaiua.

Na iwekwe kwenye kabati lenye kufuli, ufunguo kwa mtu mmoja mwenye daftari. Ni sumu kali kwa binadamu, na haina dawa ya kawaida ya kuiondoa mwilini. Samaki aliyechomwa haliwi, hapewi mbwa, hauzwi, hata akiwa mnene namna gani. Anamwagiwa chokaa na kufukiwa. Tunasema wazi kwa sababu katika mji ambapo samaki ni ghali, kambale aliyepasuliwa mezani asipozikwa mbele ya macho ya mkuu wa labo anaweza kufika jikoni. Methanoli nayo ni hivyo hivyo, inapofusha, na harufu yake inafanana na ya kinywaji. Tena tumesikia pendekezo la kuchemsha mizizi ya ule mmea wa Gloriosa unaoota porini ili kupata kolkisini ya bure. Ni kweli kolkisini imo. Kiasi chake hakijulikani kutoka mzizi hadi mzizi, na watu hufa kwa kuula. Tafadhali pendekezo hilo life.

Kuanza kusicheleweshwe hadi mvua. Kila kituo kinachotaka idhini ya kuuza kilete samaki kumi hai mwezi wa Septemba, maji yakiwa yameanza kupata joto na uzalishaji bado haujafika kilele. Wafanyakazi wawili kwenye labo moja, wanaojua tayari kusoma malaria, watafundishika kwa wiki mbili. Wiki ya kwanza wahesabu vioo vya Clarias anayejulikana tu, bila kuambiwa jibu. Asiyepata 56 hasogei mbele. Cheti kiandike idadi ya seli zilizohesabiwa, si namba ya mwisho peke yake, na vioo vihifadhiwe miaka miwili kwenye sanduku ili mfugaji mwenye malalamiko aweze kuvitaka na kuhesabu mwenyewe. Jina la bwawa na tarehe viandikwe kwenye kila kioo kwa penseli upande uliokwaruzwa, kwa kuwa wino wa kalamu unafutwa na methanoli, na kioo kisicho na jina hakimsaidii mtu.

Kwa heshima,

Mafundi wa labo na wafugaji wa kambale, Lubumbashi